Muhtasari wa Mashine na Usubi wa Rungwe

Wilaya ya Rungwe, ambayo makao yake makuu ni mji wa Tukuyu, ni nchi ya mvua nyingi. Na mvua hiyo ilishayo migomba na chai ndiyo ijazayo pia mito iteremkayo kwa kasi kuelekea Ziwa Nyasa, na katika maji hayo yaendayo mbio huzaliana inzi wadogo weusi waenezao minyoo wa maradhi ya usubi. Kwa hiyo wataalamu wameyachunguza maradhi haya muda mrefu, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake papo hapo Tukuyu. Lakini maarifa yapatikanayo kwa uchunguzi wa namna hii hutawanyika katika makala nyingi, aghalabu za Kiingereza, ilhali tabibu wa zahanati, anayengojwa na wagonjwa tangu alfajiri, hana wasaa wa kuzisoma.

Haja ya kuzifupisha si ya leo. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, Marekani, alieleza jinsi kompyuta iwezavyo kutoa muhtasari yenyewe: ihesabu maneno yaliyorudiwa mara nyingi katika makala, ikiyaacha yale ya kawaida mno, kisha ichague sentensi ambamo maneno hayo yamesongamana. Ilikuwa njia ya werevu, walakini sentensi zilizoondolewa mahali pake hazikushikamana, na msomaji alipata vipande pasipo hoja iliyoviunganisha.

Waliofuata walitambua kwamba makala ya utafiti, hata iwe ndefu namna gani, husimama juu ya dhana kadhaa na uhusiano uliopo baina yake. Basi programu ya namna hii kwanza huzitambua dhana, na majina mbalimbali ya kitu kimoja huyaweka pamoja, ili ivermectin, dawa ya usubi, na Mectizan, jina lake la kibiashara, zihesabiwe kuwa dawa moja. Kisha hutafuta kinachoziunganisha, kwamba inzi hueneza minyoo na minyoo huleta upofu. Mwisho huyafuma mahusiano hayo yote yakawa mtandao, na yale yenye uzito zaidi ndiyo huyaandika. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imetengeneza programu ifanyayo hatua mbili za kwanza, iitwayo SemRep, ambayo imekwisha kupitishwa juu ya mihtasari ya mamilioni ya makala za tiba.

Thamani ya kuunganisha ilidhihirika mwaka 1986, pale Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago alipoona kwamba makala za kundi moja zilisema mafuta ya samaki hupunguza uzito wa damu, na za kundi jingine zilisema wagonjwa wa Raynaud, ambao vidole vyao hukosa damu wakati wa baridi, huwa na damu nzito. Na kwa kuwa makundi hayo hayakuwa yakisomana, ni yeye aliyependekeza kwamba mafuta hayo huenda yakawafaa wagonjwa hao.

Hata hivyo, uhusiano uliofupishwa kupita kiasi hudanganya. Mashine ikiandika kwamba ivermectin hutibu usubi, haikusema uongo, lakini imeacha jambo kubwa: dawa hiyo, ambayo William Campbell na Satoshi Ōmura walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015 kwa ugunduzi wake, huwaua minyoo wachanga walio ngozini na kuwazuia majike wasizae kwa muda, bali minyoo wapevu haiwamalizi, nao huweza kuishi mwilini miaka 10 na zaidi. Ndiyo sababu watu hupewa vidonge mwaka baada ya mwaka. Na aliyesoma kwamba dawa hutibu, basi, ataona hana haja ya kuvimeza tena. Kadhalika, neno "huenda" la mtafiti likidondoka njiani, dhana hugeuka kuwa yakini.

Wanazuoni wa pwani hawaikubali hadithi ya Mtume pasipo isnadi yake, yaani mlolongo wa walioipokea na kuisimulia, na muhtasari wa mashine wastahili sharti lilo hilo: kila uhusiano uambatane na sentensi ulimotolewa, mahali palipochunguzwa na mwaka wake, ili tabibu wa Rungwe aweze kuurudia na kuuhakiki kabla ya kuutumia. Kazi ya kukusanya tuiachie kompyuta, maana haichoki. Bali hukumu ya kwamba jambo lafaa kwa mgonjwa huyu, katika kijiji hiki, itabaki kwa mwanadamu atakayeulizwa akikosea.