Kinga, Punda wa Msamaria

Katika Kabambare na Kasongo kinga ni miguu ya watu wengi. Inabeba mchele, mihogo, chumvi na mafuta ya mawese. Inabeba hata mgonjwa. Pahali ambapo motokari inashindwa kwa sababu ya matope au daraja lililovunjika, kinga inapita. Na kwenye mto Luama inaweza kupakiwa katika mtumbwi na kuvushwa. Basi tujifunze mambo mawili: namna ya kuulinda mwili wa mwenye kinga, na namna ya kumbeba mgonjwa bila kumwongezea maumivu.

KUPANDA KINGA KUNAFAA MWILI?

Ndiyo, kunafaa sana. Moyo ukitumika vizuri unapata nguvu. Sukari katika damu inapungua, na tansio inashuka. Shirika la Afya Ulimwenguni linafundisha kwamba mtu mzima atumikishe mwili wake dakika 150 au zaidi kila juma. Huko Marekani, katika jimbo la Florida, iko njia ya lami inayokata ghuba ya Tampa, na watu wanaokaa ofisini siku nyingi wanapanda kinga juu yake ili wapate afya, huku wakitazama maji pande zote mbili. Sisi hatuhitaji kwenda kutafuta jasho. Shida yetu ni nyingine: mchanga, mawe, vilima, na mzigo kupita kiasi.

MZIGO

Mtu anayesukuma kinga yenye mzigo mkubwa juu ya kilima anakaza tumbo kwa nguvu. Kama ukuta wa tumbo una pahali dhaifu, utumbo unaweza kusukumwa nje chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri. Uvimbe unaorudi ndani wakati wa kulala, nenda ukauonyeshe kwa munganga mapema. Lakini uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi, na mgonjwa anatapika, utumbo umebanwa. Usimkande, usimpe dawa ya kuharisha. Mpelekeni hospitali siku ile ile, kwa maana anahitaji kupasuliwa upesi. Mnyororo ukikatika utapata mwingine sokoni. Utumbo hauuzwi sokoni.

MAJI

Kunywa kabla ya kusikia kiu kikali. Chukua katika chupa maji yaliyochemshwa, usinywe ya mtoni, kwa maana yanaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Kichwa kikiuma, macho yakizunguka, miguu ikikazana, simama, kaa kivulini, unywe polepole. Lotoko haileti nguvu. Inakausha mwili na kuondoa akili, na mwenye kinga anahitaji akili kwenye mteremko. Tena ajaribu breki zake nyumbani, asingoje kuzijaribu kilimani.

KIDONDA

Katika udongo na mavi ya wanyama kuna vijidudu vya pepopunda. Ukianguka na kuumia, osha kidonda kwa maji mengi safi na sabuni, toa mchanga wote, funika kwa kitambaa safi. Usitie majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala mafuta ya mnyororo. Kisha nenda kuuliza habari ya sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

KUMBEBA MGONJWA

Mnakumbuka Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Hakumtupa yule mtu juu ya mnyama mara moja. Kwanza alimkaribia, akatengeneza vidonda vyake na kuvifunga. Ndipo akampandisha juu ya mnyama wake. Sisi tufuate utaratibu huo.

1. Mgonjwa anayeweza kukaa, akae nyuma juu ya nguo iliyokunjwa. Mtu mmoja asukume, mwingine amshike. Angalieni miguu yake isiingie katika gurudumu, zaidi kama ni mtoto.

2. Kama damu inatoka, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi mpaka isimame. Mkono uliovunjika, ufungeni na vijiti kabla ya kuondoka.

3. Asiyejitambua, aliyeumia mgongo au shingo, aliyevunjika paja, na mama ambaye uchungu umemshika au anatoka damu, wasikalishwe juu ya kinga. Watengenezeeni kipoyi kwa miti miwili na blanketi nguvu. Aliyeumia mgongo alazwe sawa, asikunjwe. Kinga itangulie mbele na mjumbe, awaambie waganga wajitayarishe.

4. Mtoto mwenye kuharisha apewe maji njiani, kidogo kidogo: litre moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vidogo vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe, visijae kupita ukingo. Anayenyonya aendelee kunyonya.

MSINGOJE

Mtoto mwenye homa akishtuka-shtuka mwili, au asiponyonya, au akitapika kila kitu, ondokeni saa ile ile. Mama mwenye mimba akitoka damu, ondokeni saa ile ile. Wengine wanangoja siku ya soko ipite. Wengine wanasema, tumalize kwanza maombi ya siku tatu. Ndugu, ombeni, lakini ombeni mkitembea. Mungu anasikia maombi ya njiani kama anavyosikia ya kanisani, na malaria kali inaweza kumwua mtoto kabla ya siku ya tatu.

Basi kila kanisa la kijiji liweke tayari miti miwili imara, blanketi moja, na kinga moja yenye breki nzuri. Wazee wachague watu wanne wa zamu kila juma, na majina yao yasomwe siku ya Bwana, ili mgonjwa akipatikana usiku, jamaa zake wajue mlango wa kubisha.