Raba za Vijana Wetu Tuzisome kama Kanga

Ni nyumba chache za watu wa Afrika Mashariki katika Houston, Dallas na Fort Worth, zenye kijana wa kiume ndani yake, ambazo hazijapata kusikia mabishano juu ya viatu. Baba huuliza ni kiatu gani hicho cha dola 200, tena cha mpira, ambacho hata arusini hakivaliki. Kijana hujibu kwamba baba haelewi. Mama, ambaye hapendi ugomvi, huishia kutoa nusu ya fedha kimyakimya. Kisha jambo hulala, mpaka kiatu kingine kitoke.

Ndugu wasomaji, katika kitabu chetu cha mwaka huu tumeona ni vyema jambo hili lizungumzwe kwa utulivu. Viatu hivi tunaviita raba, jina lile lile tulilowapa viatu vya kitambaa vya Bata tulivyochezea mpira shuleni. Lakini raba ya leo si ya kuchezea mpira tu. Ni vazi, ni mchoro, ni biashara, na aghalabu ni maneno. Njia nyepesi ya kuielewa tunayo sisi wenyewe, nayo ni kanga.

Kila mama anajua kwamba kanga ina mambo matatu: pindo, mji na jina. Umbo halibadiliki miaka nenda miaka rudi. Kinachobadilika ni rangi, nakshi na maneno. Kanga mpya ikishuka dukani Mombasa au Unguja, wenye kujua huiwahi, kwani wiki ijayo huenda isipatikane. Mnunuzi hutazama pia chapa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, linajulikana kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla", na wapo wasiotaka nyingine. Hakuna mzee aliyewahi kumwambia mkewe kwamba kanga zote ni kitambaa kimoja, akasalimika.

Basi raba ni vivyo hivyo. Umbo la Air Force 1 lilibuniwa na Bruce Kilgore mwaka 1982. Air Jordan ya kwanza, iliyobuniwa na Peter Moore, iliuzwa mwaka 1985 kwa dola 65. Maumbo hayo bado yanatengenezwa hadi leo. Kila mwaka hurudi na rangi mpya, na kila mchanganyiko wa rangi hupewa jina lake. Umbo ndilo pindo, rangi ndizo mji, na jina ni jina.

Tutoe mfano wa hapa hapa Houston. Mwimbaji Travis Scott, aliyezaliwa mwaka 1991 na kukulia Missouri City, alitoa pamoja na Nike raba ya Air Jordan 4 mwaka 2018. Umbo lilikuwa la zamani, kazi ya Tinker Hatfield, mtu aliyesomea usanifu wa majengo. Rangi zilikuwa buluu ya kupauka na nyekundu. Mgeni angesema ni rangi tu. Mtu wa Houston alijua mara moja kwamba ni rangi za Oilers, timu ya mpira wa Kimarekani iliyohamia Tennessee baada ya msimu wa mwaka 1996. Kwa maneno mengine, kiatu kile kilikuwa kinawakumbuka walioondoka. Mwaka 2019 akatoa Air Jordan 1 ambayo alama ya Nike imegeuzwa nyuma mbele, na watu wakaigombania. Na mwaka 2021, watu 10 walipopoteza maisha kutokana na msongamano katika tamasha lake hapa Houston, Nike iliahirisha kutoa raba yake nyingine, kwani jina la kiatu hufuatana na jina la mwenyewe. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Jennifer Ford, mwenye duka la Premium Goods mjini humu, ambaye alitoa Air Force 1 mbili zenye majina ya kike, "The Bella" na "The Sophia".

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya vijana, wala hayana uhusiano na sanaa. Makumbusho ya sanaa ya Texas hayakuona hivyo. Kuanzia Septemba 2015 hadi Januari 2016, Modern Art Museum of Fort Worth ilionyesha picha za Kehinde Wiley, mchoraji ambaye baba yake ni Mnigeria. Yeye huwachukua vijana weusi wa mitaani, wakiwa na fulana zao, masweta yao yenye kofia na viatu vyao, akawachora katika mikao ya wafalme na majemadari wa Ulaya. Baadaye, makumbusho hayo hayo yakaonyesha kazi za KAWS, msanii ambaye michoro yake imetoka pia kwenye raba za Nike. Wiley mwenyewe alifanya kazi na kampuni ya Puma kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2010, akawachora wachezaji wa Afrika akiwamo Samuel Eto'o. Na picha yake ya Rais Barack Obama, iliyoletwa Houston mwaka 2022, ina maua nyuma yake, na mojawapo ni yungiyungi la buluu la Afrika, lililowekwa kwa ajili ya baba yake Mkenya. Anayejua kusoma pindo la kanga hahitaji kufasiriwa picha hiyo.

Isitoshe, kwetu mavazi hayajapata kuwa jambo dogo. Zanzibar ya zamani, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa na watoto wao walijitwalia kanzu, kofia, kanga na viatu, ili mtu akiwatazama asiweze kusema jana walikuwa mali ya nani. Bara nako, mwaka 1969, vijana wa TANU walianzisha Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Haikupita miaka mingi, zikaingia bugaluu na viatu vya raizoni. Waliovaa raizoni wakati ule, wakaitwa wahuni na baba zao, ndio leo wanaoketi sebuleni Houston wakiwaita wana wao wahuni. Ndugu zetu wa Kongo, ambao kwao kuvaa vizuri kuna jina lake, sape, hawatashangaa. Na mtoto aliyefika Fort Worth kutoka kambi ya wakimbizi, akaingizwa darasani kabla hajaweza kujieleza kwa Kiingereza, miguu yake husema kabla ya mdomo. Wenzake humsoma kuanzia chini. Mzazi anayelikataa ombi lake ana haki, lakini ajue ni ombi la nini analolikataa.

Hata hivyo, heshima haiondoi hesabu. Raba hizi ni ghali kwa sababu kampuni hutoa jozi chache kwa makusudi. Mtu hujiandikisha kwa simu kama anayecheza bahati nasibu, na wengi hukosa. Aliyepata huweza kuuza kwa bei mara mbili au tatu. Huko Tanzania, mwaka 1983, mtu wa namna hiyo aliitwa mlanguzi na kukamatwa. Huku huitwa mfanyabiashara. Vijana wetu kadhaa wanaifanya kazi hiyo, wala si haramu ya sheria, lakini wakumbuke kwamba faida yake hutozwa kodi ya mapato kama faida nyingine. Na kwa mzazi asiye na dola 200, kuna siku tatu kila mwezi wa Agosti ambapo Texas haitozi kodi ya mauzo kwa nguo na viatu vya chini ya dola 100. Kodi hiyo mijini kwetu ni asilimia 8.25. Raba ya kawaida ya kuvaa kila siku imo katika msamaha huo. Viatu maalumu vya michezo, kama vya njumu, havimo. Kiatu cha dola 99 hakina kodi siku hizo, na cha dola 100 hutozwa yote.

Lakini hesabu kubwa ni nyingine. Raba ambayo kijana ameichoka hapa hutupwa katika sanduku la misaada. Nyingi ya nguo na viatu vinavyokusanywa Marekani namna hiyo huuzwa ng'ambo kwa marobota, na mwisho wa safari ni Gikomba, Karume na Owino, ambako ndugu zetu huchambua, huosha na kuuza upya. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vyao vipate pumzi. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao mwaka 2017. Kenya ikarudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa nafuu ya ushuru katika mpango wa AGOA.

Kwa hiyo tazameni tulipo. Sisi wa Texas tunanunua kiatu kinapoanza safari, na jamaa zetu nyumbani wanakinunua kinapoimaliza. Tupo ncha zote mbili. Tusipokuwapo ni katikati, mahali kinapochorwa, kinapopewa jina na kinapomilikiwa. Hapo ndipo penye fedha, na hapo ndipo penye neno.

Kutokuwapo hapo kuna gharama. Mnamo mwaka 1989 tangazo la Nike la viatu vya kupandia milima lilionyesha Wasamburu wa Kenya. Mmoja alisema maneno kwa lugha yake, na chini yake pakaandikwa msemo wa kampuni kwa Kiingereza. Mwanaanthropolojia Lee Cronk, aliyeijua lugha hiyo, akafichua kwamba mtu yule alikuwa anasema havitaki viatu vile, apewe vikubwa. Miguu ilikuwa yetu, na maneno yakawa ya mwenye kiatu.

Wako waliokwisha kuingia katikati. Navalayo Osembo wa Kenya, pamoja na mwenzake, walichangisha fedha mwaka 2016 kwa ajili ya raba ya kukimbilia iliyoitwa Iten, chini ya chapa yao ya Enda. Soli yake ilitiwa mikato 12 kuikumbuka tarehe 12 Desemba, siku ya uhuru. Hapa Marekani, D'Wayne Edwards alikuwa karani wa kupanga mafaili katika kampuni ya LA Gear. Kila siku alitia mchoro wa kiatu katika sanduku la maoni, mpaka akaajiriwa kuchora. Baadaye alibuni Air Jordan za 21 na 22, kisha akaanzisha shule ya ubunifu wa viatu. Wala kumiliki si sawa na kuchora tu: Carolyn Davidson aliyechora alama ya Nike mwaka 1971 alilipwa dola 35, na ndipo mwaka 1983 kampuni ikamzawadia hisa.

Milango haiko mbali. Dallas ina Booker T. Washington High School for the Performing and Visual Arts, na Houston ina Kinder High School for the Performing and Visual Arts. Zote ni shule za serikali, na anayeomba kusomea uchoraji huingia kwa kuonyesha kazi zake. Baada ya hapo, ubunifu wa mavazi unafundishwa University of North Texas huko Denton, na pia Houston Community College, ambako ada ni nafuu zaidi. Mtoto anayetaka njia hiyo aanze mapema kuweka daftari la michoro, atie tarehe kila ukurasa, na asitupe hata ile mibaya.

Wazazi nao wana kazi moja. Kijana akileta raba nyingine nyumbani, mwulizeni jina lake, nani kaibuni, na rangi zake zinasema nini. Asiyejua, basi amenunua kitambaa bila kulisoma jina. Anayejua, mpeni kalamu. Kurasa za kitabu cha mwaka ujao ziko wazi kwa michoro yao, ya viatu, ya fulana na ya kanga pia, wavulana kwa wasichana.