Utafiti Usiishie Maabara: Funzo la Panya Buku wa Morogoro

Mji wa Morogoro huitwa na wenyeji wake "Mji Kasoro Bahari", kwa maana kwamba ulijaaliwa kila neema, milima, mito na ardhi yenye rutuba, ukanyimwa bahari peke yake. Sisi wa Visiwani, ambao bahari imetuzunguka pande zote, tunaweza kudhani kwamba hatuna kubwa la kujifunza kutoka mji ule ulio chini ya milima ya Uluguru. Dhana hiyo si sahihi. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopo mjini humo, imefanyika kazi ya utafiti iliyounganisha elimu ya viumbe, utabibu na kemia, na matunda yake yameokoa maisha ya watu katika nchi kadhaa. Mtumishi mkuu wa kazi hiyo ni panya.

Hatuzungumzii panya wa darini anayetafuna nguo na magunia. Huyu ni panya buku, mnyama mwenye uzito wa kilo moja hivi, ambaye hubeba chakula katika vifuko vya mashavu yake na kukificha ardhini. Macho yake ni dhaifu, lakini pua yake ni kali mno, kwani ndiyo inayomwezesha kukiona tena chakula alichokifukia. Mnyama wa namna hiyo, akifugwa vyema, huweza kuishi miaka ipatayo minane, muda unaotosha kumfundisha kazi na kufaidika naye.

Inafaa kukumbuka kwamba wataalamu wa Morogoro walianza kuwachunguza panya wakiwa maadui wa mkulima, wanaofukua mbegu za mahindi kabla hazijaota. Ujuzi uliopatikana katika vita hiyo ndio uliofungua mlango wa urafiki. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa nia ya kumtumia panya kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, lilihamishia kazi yake Morogoro mwaka 2000, likishirikiana na Chuo cha Sokoine. Panya hufundishwa kwa subira: kila akitambua harufu inayotakiwa husikia mlio mdogo na kupewa kipande cha ndizi au karanga. Mafunzo hayo huchukua miezi tisa au zaidi.

Faida ya kwanza ilionekana Msumbiji, nchi ambayo vita viliiachia mabomu mengi mashambani na njiani. Mtambo wa kutafutia chuma hupiga kelele kwa kila msumari na kila kipande cha bati, lakini panya hunusa kemikali ya baruti yenyewe, na uzito wake hautoshi kulipua bomu. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote yaliyojulikana, na panya wa Morogoro walikuwa na sehemu yao katika kazi hiyo. Mmoja wao, aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia, alivumbua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 zisizolipuka. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza, akiwa panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022.

Lakini jambo linalotugusa zaidi sisi, ambao ardhi yetu haina mabomu, ni kifua kikuu. Tangu Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amekigundua kijidudu kinacholeta maradhi hayo, waganga wamekuwa wakikitafuta katika makohozi kwa kutumia hadubini. Njia hiyo ni nafuu na imesaidia wengi. Kasoro yake ni kwamba vijidudu vikiwa vichache, yaani chini ya elfu kadhaa katika mililita moja ya makohozi, macho ya mpimaji hupita bila ya kuviona. Mgonjwa huambiwa hana maradhi, akarejea nyumbani akalala chumba kimoja na wanawe. Imekadiriwa kwamba mgonjwa mmoja asiyetibiwa huweza kuwaambukiza watu hadi 15 kwa mwaka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hapa ndipo kemia inapoingia. Kila kijidudu kinachoishi hutoa kemikali zinazopaa hewani, na kijidudu cha kifua kikuu kina mchanganyiko wake kisichoshirikiana na vingine. Uchunguzi wa wataalamu, akiwamo Georgies Mgode wa Chuo cha Sokoine, umeonyesha kwamba panya huutambua mchanganyiko huo. Tangu mwaka 2007 vituo vya afya vya Tanzania vilianza kupeleka makohozi yaliyokwisha kupimwa ili yanuswe na panya. Makohozi hupashwa moto kwanza ili kuua vijidudu, kisha hupangwa kwa safu, na panya hupita akinusa tundu baada ya tundu. Akisita na kukaza pua yake kwa sekunde chache, makohozi hayo hutiliwa shaka. Panya mmoja huweza kupitia vikopo 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mpimaji wa hadubini huweza kuifanya kwa siku nne.

Matokeo ya watoto yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu mtoto hutoa makohozi kwa shida na vijidudu vyake huwa vichache. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu watoto 982 wasiozidi umri wa miaka mitano, vituo vya afya viligundua wagonjwa 34. Panya waliongeza 23, wakawa 57. Watoto hao 23 walikuwa wamekwisha kupimwa, na majibu yao yalisema kwamba hawana kitu.

Hata hivyo, haki ya sayansi ni kusema ukweli wote. Panya si daktari. Vijidudu vingine vya kifuani huweza kumchanganya, na hawezi kusema kama maradhi yamekuwa sugu kwa dawa. Ndiyo maana makohozi anayoyatilia shaka hupimwa tena kwa hadubini bora kabla ya mtu kuitwa mgonjwa. Tena siku hizi kuna mitambo inayosoma chembe za urithi za kijidudu, na kila inapopatikana hapana sababu ya kuiacha. Panya ni jicho la pili, na nchi yenye mitambo michache haina ubavu wa kulidharau jicho la pili.

Sasa tuwageukie watumishi wa Serikali. Kilomita ishirini na kitu kutoka mjini Morogoro, kwenye barabara iendayo Iringa, kuna Mzumbe. Pale pameandaliwa watawala tangu mwaka 1953, kwanza katika skuli ya serikali za mitaa, kisha kuanzia mwaka 1972 katika Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na tangu mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Mzumbe. Mtafiti wa Sokoine na mtawala wa Mzumbe wanaitazama milima ileile ya Uluguru. Mmoja anajua kwa nini mgonjwa amepotea; mwingine ndiye atakayeidhinisha mafuta ya pikipiki inayobeba makohozi, na posho ya mtu atakayemtafuta mgonjwa huyo nyumbani kwake. Jibu sahihi lililobaki katika jalada halimponyi mtu. Matibabu ya kifua kikuu ni ya miezi sita, na hayawezi kuanza mpaka mtu apatikane.

Nchi yetu imewahi kuonyesha kwamba hilo linawezekana. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977, ndio uliokuwa miongoni mwa vielelezo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitumia katika miaka ya 1990 kuunda mkakati wa kumsimamia mgonjwa anapokunywa dawa. Nasi wa Unguja tuna ushahidi wetu. Ndorobo waliowadhoofisha ng'ombe wetu kwa maradhi ya nagana waliangamizwa kwa madume waliofugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi na kumwagwa kutoka angani tangu mwaka 1994. Mwaka 1996 alinaswa ndorobo wa mwisho. Ushindi huo ulihitaji mtaalamu wa wadudu, rubani, na pia karani aliyehakikisha kwamba masanduku yanafika kila wiki.

Kwa hiyo, afisa wa afya wa wilaya, wa Bara au wa Visiwani, anapoletewa taarifa ya utafiti, asiulize tu imegharimu kiasi gani. Aulize ni wagonjwa wangapi walioambiwa ni wazima katika eneo lake, na nani amekwenda kuwagongea mlango.