Bugali ikikataa kushuka

Inaanzaka na bugali. Mchimbaji anarudi Uvira kutoka Misisi, anakaa kula na watoto, tonge linakwama katikati ya kifua. Anakunywa maji, linashuka. Kisha wiki chache hata ndagala zinakwama, anabakia na buji tu. Majirani wanasema: ni karuho. Miezi inapita kwa dawa za miti, baba anakonda.

Mara nyingi si sumu. Inaweza kuwa kansa ya umio, njia ya chakula kati ya koo na tumbo. Tumbaku na pombe kali vinaongeza hatari yake. Na chai ya moto sana: mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa OMS walisema vinywaji vya kupita digrii 65 pengine vinaleta kansa hiyo.

Kule Kenya, kwenye hopitali ya Tenwek, Bomet, wanganga walijaribu kwa miaka mingi kifaa kinaitwa stenti, wakatangaza matokeo mwaka 2009. Ni kibomba cha waya uliosukwa. Wachimbaji mutapenda hii: waya wenyewe mara nyingi ni nikeli na titani, mchanganyiko unaokumbuka umbo lake. Kinapitishwa mdomoni kikiwa kimebanwa, bila kupasua mtu. Kikiachiliwa kinajifungua polepole na kusukuma uvimbe pembeni. Kazi hiyo kawaida inafuatiliwa kwa mashine ya radio. Tenwek walionyesha kwamba endoskopi peke yake inaweza kutosha, na hiyo ni habari kubwa kwa hopitali zetu.

Kupima kama kimesaidia ni rahisi, hata mama nyumbani anaweza. Sifuri: anakula yote. Moja: vigumu vingine vinakwama. Mbili: vyororo tu. Tatu: vya maji tu. Ine: hata mate hayapite.

Tusidanganyane, stenti haiponyeshe kansa. Inamurudishia mtu chakula kwa muda atakaobakia nao. Inaweza kuteleza, ao kuzibwa na kipande cha nyama. Inafaa kutafuna sana, kunywa maji wakati wa kula, na kulala kichwa kikiwa juu kama imefika karibu na tumbo.

Lakini uvimbe ukionekana mapema, kuna wakati unaweza kupasuliwa na kutolewa. Kwa hiyo baba akifika namba moja, na ikadumu wiki mbili, mupeleke hopitali, muulize wapi kuna endoskopi. Tatu ni kuchelewa.