Kutoka Lahajedwali hadi Hifadhidata

Mwanzoni mwa Oktoba 2020, wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuwa ukienea Uingereza, wakuu wa afya wa nchi hiyo walitambua kwamba watu 15,841 waliopimwa na kuonekana wana virusi hawakuingizwa katika hesabu zilizotolewa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Watu hao walikuwa wamekwisha kupewa majibu yao, lakini majina yao yalichelewa kuwafikia wafuatiliaji; kwa hiyo wale waliokutana nao hawakuonywa mapema.

Kosa halikuwa la maabara. Matokeo yalipitishwa katika mafaili ya lahajedwali ya muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, yaani 2 kwa kipeo cha 16. Kila matokeo yalichukua mistari kadhaa. Faili lilipojaa, mistari iliyozidi iliachwa nje.

Lahajedwali ni jedwali la kompyuta ambalo kila kisanduku chake chaweza kubeba neno, namba au kanuni ya hesabu. Programu ya VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuuzwa kuanzia mwaka 1979, ndiyo iliyoeneza chombo hiki katika kompyuta ndogo. Faida yake ni kwamba humwezesha mtu asiyesomea utungaji wa programu kujifanyia hesabu zake. Ndivyo wahasibu na wenye maduka wengi walivyoanza kuwa watunga programu bila ya mwalimu: kanuni moja huzaa nyingine, mpaka biashara nzima ikategemea faili moja.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi linalokopesha. Katika lahajedwali, kila mauzo huandikwa mstari mmoja: tarehe, jina la mteja, simu yake, bidhaa, bei na idadi. Mteja aliyenunua mara 40 ameandikwa mara 40. Akibadili namba ya simu, hapana budi mistari yote 40 isahihishwe. Aidha, akiandikwa leo "Hamisi Juma" na kesho "H. Juma", kompyuta huhesabu wadaiwa wawili, na deni lake hugawanyika.

Njia ya kuondoa tatizo hili ilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Katika hifadhidata ya aina aliyoipendekeza, taarifa hugawanywa katika majedwali yanayohusiana. Duka hilo litakuwa na jedwali la Wateja, la Bidhaa na la Mauzo. Mteja huandikwa mara moja tu na kupewa namba, tuseme 17. Kila mauzo yake hutaja namba hiyo, ambayo huitwa ufunguo. Simu ikibadilika, husahihishwa mahali pamoja.

Hifadhidata iliyowekewa masharti hukataa mauzo ya mteja asiyekuwapo, na hukataa herufi mahali pa bei. Yaweza pia kuunganisha vitendo viwili kuwa kimoja: mauzo yaandikwe na akiba ya ghalani ipunguzwe, au visifanyike vyote viwili, hata umeme ukikatika katikati.

Anayehama hujikwaa mara nyingi katika jambo moja. Akiiweka bei katika jedwali la Bidhaa peke yake, siku bei ya saruji itakapopanda, madeni ya zamani nayo yatapanda. Bei ya leo ni sifa ya bidhaa. Bei iliyokubaliwa siku ya kuuza ni sifa ya mauzo, na yapasa kuandikwa huko.

Kazi ya kuhama huanzia kwenye karatasi, kwa kuorodhesha vitu vinavyohusika na uhusiano wake. Kisha nakala ya faili la zamani huhifadhiwa bila kuguswa, majina husafishwa, na taarifa huingizwa. Baada ya hapo idadi ya mistari na jumla ya madeni ya pande zote mbili hulinganishwa. Zisipolingana hata kwa shilingi moja, sababu itafutwe kabla ya kuendelea. Ni vyema pia mifumo yote miwili iendeshwe sambamba kwa mwezi mzima wa hesabu.

Gharama si kizuizi kikubwa. SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, ni ya bure na hufanya kazi katika kompyuta ya kawaida. Lahajedwali nayo haina haja ya kutupwa: bado inafaa kwa makadirio na michoro, mradi isiwe ndiyo daftari kuu.

Wanafunzi wanaweza kujaribu kwa daftari la maktaba ya shule. Waligawe katika majedwali matatu, Wasomaji, Vitabu na Maazimo, kisha wajiulize: tarehe ya kurudisha kitabu ni sifa ya msomaji, ya kitabu, au ya azimo lenyewe?