Kupoteza Kazi Katika Umri wa Makamo: Jinsi Kujiamini Kunavyorejea

Zahanati za vijijini huwapokea watu wa namna hii bila kuwatambua. Achukuliwe mwanamume wa miaka 52 anayefika kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, akilalamikia kichwa, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka moto na usingizi unaokatika saa tisa za usiku. Kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Shinikizo la damu limepanda kidogo. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi kwake Sindeni. Hakuna aliyemwuliza habari za kazi. Naye hakuthubutu kueleza kwamba miezi kadhaa iliyopita alikabidhiwa barua ya kuachishwa, na kwamba kila asubuhi huvaa shati lake la kazi na kupita njia ya nyuma ya nyumba, ili majirani wasimwone amekaa barazani. Mtu huyu ni wa mfano tu, lakini mhudumu aliyefanya kazi miaka kadhaa kati ya Korogwe na Handeni ataweza kumpa sura na jina.

Sindeni ni kata ya Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, upande unaoelekea Korogwe. Wenyeji wake wengi ni Wazigua, na riziki yao hasa ni mahindi, mihogo na mifugo. Mvua za vuli na za masika si za kutegemewa huko, na wazee hukumbuka miaka kwa njaa zake. Mahali pa namna hiyo, mshahara wa mwezi haukuwa fedha tu. Ulikuwa ghala lisilotegemea mawingu. Mwenye mshahara ndiye mjomba anayelipia sare za wapwa, ndiye anayetumiwa mtoto usiku mama mkwe akiugua, ndiye anayeulizwa kwanza kwenye kikao cha harusi. Siku mshahara unapokatika, anayepotea si mfanyakazi peke yake. Anapotea pia yule mtu ambaye ukoo ulizoea kumtazama.

Mkoa wa Tanga umewahi kuona jambo hili likiwapata maelfu kwa pamoja. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea hadi mashamba ya Korogwe kama Magunga, Mwelya, Hale, Magoma na Ngombezi. Uzalishaji wa nchi ulifika kileleni mwaka 1964, takriban tani 230,000. Kisha bei ikaanguka, kamba za nailoni na plastiki zikachukua soko, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000 kwa mwaka. Nyuma ya tarakimu hizo kuna watu: wakataji waliohesabu mafungu ya majani thelathini thelathini, wanyapara, na mafundi wa korona. (Hilo ndilo jina la mashine ya kukamulia mkonge, na Tanga ililijua miongo mingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020.) Siku zao zilipimwa kwa kipande, kadi iliyowekewa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie thelathini. Kipande kilichukiwa, na kwa haki. Lakini kilikuwa pia ushahidi wa maandishi kwamba jana mtu alifanya jambo na likahesabiwa.

Ushahidi huo unapoondoka, mwili wenyewe hubadilika mwendo. Huko Austria, katika kijiji cha Marienthal karibu na Vienna, kiwanda cha nguo kilichowaajiri karibu wakazi wote kilifungwa kuanzia mwaka 1929. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji hicho, wakachapisha kitabu chao mwaka 1933. Walipima hata kasi ya watu kutembea barabarani. Wanaume wasio na kazi walitembea polepole na kusimama mara kwa mara. Wengi walikuwa wameacha kuvaa saa. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu kwa nusu, ingawa muda wa kusoma sasa ulikuwa mwingi. Wanawake walitembea haraka zaidi, kwa kuwa kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira, mbali na ujira, humpa mtu mpangilio wa saa, watu wa kukutana nao, lengo la pamoja, hadhi na shughuli ya lazima. Yote matano huondoka siku moja, na mwenye kuyapoteza hudhani kilichoondoka ni akili yake.

Ipo tofauti ambayo wahudumu wa afya hawana budi kuizingatia. Shamba zima linapofungwa, walioathirika hulaumu bei, serikali au Wazungu wa nailoni, na usiku hulala wakijua jirani naye hana kazi. Anayeachishwa peke yake hulaumiwa peke yake, na sauti kubwa kuliko zote ni yake mwenyewe. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, na sekta ya afya iliguswa pia. Mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarejeshea michango yao waliyokatwa kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Uadilifu wa vyeti hauna mjadala, hasa wodini. Lakini anayefika zahanati akiwa haili, halali na hatoki nje ni mgonjwa, na aibu yake huongeza hatari badala ya kuipunguza. Chumba cha tiba si baraza la nidhamu.

Jambo gani basi hurudisha kujiamini? Watu wengi huanza na maneno ya kutia moyo, nayo ndiyo dawa dhaifu kuliko nyingine. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika andiko lake la mwaka 1977, alionyesha kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika chemchemi nne: jambo alilolitenda mwenyewe likafaulu, kumwona mwenzake wa hali kama yake akifaulu, maneno ya watu, na hali ya mwili wake. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Kumwambia fundi wa korona asikate tamaa hakumfikishi mbali. Kumwomba atengeneze pampu ya kisima iliyokwama, akaitengeneza, na watu wakachota maji, humfikisha mbali zaidi kuliko hotuba kumi.

Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilitumia fikra hiyo katika miaka ya 1980 kuandaa mpango uliopewa jina la JOBS. Watu waliopoteza kazi walikutana kwa vikundi siku chache mfululizo, nusu siku kila mara. Walifanya mazoezi ya kueleza ujuzi wao na kuzungumza na mwajiri, na jambo la busara zaidi ni kwamba walijiandaa mapema kukataliwa: kila mmoja alitaja vikwazo atakavyokutana navyo na la kufanya vitakapotokea. Ni chanjo hasa. Waliohudhuria walirudi kazini kwa wingi zaidi, na dalili za sonona zilipungua, hasa kwa wale waliokuwa hatarini zaidi tangu mwanzo. Mpango huo ulichukuliwa na nchi nyingine, Finland ikiwamo. Sindeni haina waajiri wa kupigiwa simu, lakini ina vikundi vya kuweka na kukopa, na watu kumi wanaokutana kila juma wanaweza kufanya zoezi hilohilo chini ya mwembe. Linalobadilika ni mlango unaobishwa: badala ya ofisi ya mwajiri, huwa kwa mwenye mashine ya kusaga, kwa mnunuzi wa ufuta au kwenye ofisi ya kijiji.

Hapa umri wa makamo una faida yake, ingawa ndio unaolaumiwa. Mtu wa miaka 50 anajua kusimamia watu, kutunza hesabu, kuvumilia msimu. Hasara yake ni kwamba muda wa kukosea ni mfupi. Ndiyo maana ni hatari kumwaga malipo yote ya kuachishwa katika pikipiki moja au duka moja ili kuuonyesha ukoo kwamba mambo bado yako sawa. Hata kilimo kina saa yake: mkonge, ambao tangu mwaka 1999 wakulima wadogo wamekuwa wakigawiwa ardhi ya kuulima katika mashamba ya Korogwe, hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Anayeupanda leo lazima awe na mahindi au vibarua vya kumvusha. Ushindi wa kwanza na uwe mdogo, wa karibu, unaomalizika ndani ya juma.

Kuna jambo moja la sheria ambalo ni la tiba pia. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayeamini ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyetumikia zaidi ya mwaka mmoja, na hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, kisichozidi miaka 10. Anastahili pia cheti cha utumishi. Mgonjwa anayelala amegeukia ukutani huziacha siku hizo 30 zikapita, kisha huhesabu kosa hilo kuwa thibitisho jingine la upungufu wake. Mhudumu akimwuliza tu, “Barua ni ya lini?” huenda amemwokolea haki yake.

Wilaya ya Korogwe ina mahali palipojua thamani ya shughuli zamani. Hospitali ya akili ya Lutindi, milimani Usambara, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikageuka kuwa kituo cha wagonjwa wa akili. Huko wagonjwa wameshiriki kazi za mikono na za shambani, likiwamo la chai, kama sehemu ya matibabu. Si kila aliyepoteza kazi anahitaji kupandishwa Lutindi; wengi hawahitaji. Wanachohitaji ni maswali.

Kwa yule mwanamume wa miaka 52, maswali yako hivi. Je, kwa wiki mbili zilizopita amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda? Anakula? Pombe imeongezeka? Anajiona bure? Amewahi kufikiri kwamba afadhali asingekuwapo? Swali hilo la mwisho liulizwe waziwazi, kwa sauti ya kawaida, mlango umefungwa. Kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akikubali kwamba amefikiri kujidhuru, asiachwe peke yake, dawa za kilimo ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Shinikizo la damu lipimwe tena siku nyingine kabla ya kuitwa ugonjwa, kwani kipimo kimoja cha mtu aliyekesha hakitoshi.

Mkewe aitwe, iwapo mgonjwa ataridhia, kwa sababu mara nyingi yeye ameshajua kuhusu njia ya nyuma na amenyamaza kwa heshima. Apangiwe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, na kazi moja ya kuja kuitolea taarifa: kuezeka banda, kuandika barua kwa Tume, au kuhudhuria kikao kimoja cha kikundi. Siku hiyo akirudi, kabla ya mashine ya shinikizo kufungwa mkononi, aulizwe kwanza habari za banda.