Kupima Mbio za Gari kwa Video (Sehemu ya 2): Saa Ianze Wapi, Isimame Wapi?

Wiki iliyopita tulifunga kamera nyuma ya kioo cha mbele na kuweka kipokezi cha GPS mahali kinapoliona anga bila kizuizi. Leo tunaigeukia programu inayochora kasi, umbali na muda juu ya picha, tuipe maelekezo ya kupima. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Programu hutii inavyoambiwa, na ikiambiwa vibaya hutoa jibu baya kwa tarakimu za kupendeza.

Kijana mmoja aliniletea video ya gari lake. Kwenye kona ya chini ilisomeka: 0 hadi 100, sekunde 8.1. Nikamwomba turudi mwanzo, tuipeleke fremu moja moja. Video ilikuwa ya fremu 30 kwa sekunde. Tuliukazia macho mstari mweupe wa barabarani ukiingia chini ya boneti. Fremu 14 zilipita gari likiwa limeshaondoka, na saa bado inasoma sifuri. Hiyo ni karibu nusu sekunde. Kijana hakukusudia kumdanganya mtu. Programu yake ilikuwa imewekwa ianze kuhesabu gari likishafika kilomita 5 kwa saa.

Kila jaribio husimama juu ya masharti matatu: la kuanza, la kumaliza na la kufuta.

Tuanze na la kuanza. GPS haitulii kabisa hata gari likiwa limesimama, kasi hucheza kidogo juu ya sifuri. Ukiiagiza saa ianze kwa mtikisiko wowote, itaanza yenyewe kabla hujagusa mafuta. Ukiweka kiwango cha juu, unajizawadia muda kama yule kijana. Kilomita 1 kwa saa ni kiwango cha haki: gari la kawaida hukifikia ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Kuna pia desturi ya Marekani inayowachanganya wengi. Katika viwanja vyao vya mbio za kunyooka, saa huanza tairi la mbele linapouacha mwali wa taa, gari likiwa limeshasogea takribani futi moja, yaani sentimita 30. Magazeti mengi ya magari ya huko hupima kwa desturi hiyo, na futi hiyo moja hupunguza jibu kwa kiasi cha thuluthi ya sekunde. Isitoshe, wao hupima hadi maili 60 kwa saa, ambazo ni kilomita 96.6, si 100. Ukitaka kujilinganisha nao, fuata kanuni zao zote mbili na uziandike kwenye video. Usichanganye.

Sharti la kumaliza linategemea kifaa. Simu nyingi hupokea kasi mara moja tu kwa sekunde, na gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 katika sekunde hiyo. Kipokezi kinachosoma mara 10 hukaribia ukweli zaidi. Tuseme kwenye sekunde 9.80 kimesoma 99.4, na kwenye 9.90 kimesoma 100.2. Kasi imepanda kwa 0.8, na ilihitaji 0.6 tu kugusa 100. Kwa hiyo mstari umevukwa robo tatu ya njia, kwenye sekunde 9.875. Hakikisha programu yako inafanya hesabu hiyo, isisubiri tu kipimo kinachofuata.

Sharti la kufuta husahauliwa. Iagize programu ifute jaribio lolote ambalo kasi imeshuka kabla ya kufika mwisho, la sivyo foleni ya kuingia uwanjani nayo itahesabiwa kuwa mbio.

Jaribio la breki hugeuza mpango. Dereva huanza kukanyaga akiwa juu kidogo ya 100, na kipimo huanza kasi inapovuka 100 ikishuka. Hapa tunapima mita. Gari linalosimama kwa mita 40 kutoka 100, likipimwa kutoka 103 litahitaji zaidi ya mita 42, kwa sababu umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa kasi.

Usitumie spidomita kama ushahidi. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita isome chini ya kasi halisi, lakini inairuhusu izidishe kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari linalokwenda 100 laweza kuonyesha hadi 114 bila kuvunja kanuni. Kasi inayochotwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani nayo huja kwa namba kamili tu, bila desimali.

Kisha oanisha picha na data. Usiamini saa za vifaa pekee: tangu mwaka 2017, saa ya ndani ya GPS iko mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 18, na si kila programu huzitoa. Tafuta tukio linaloonekana pande zote mbili. Breki kali inafaa sana: pua ya gari huinama kwenye picha, na kasi huanguka kwenye data.

Barabara nayo ina kauli. Mteremko wa asilimia 1 hulisaidia gari la sekunde 10 kwa takribani theluthi moja ya sekunde. Dawa yake ni kupima kwenda na kurudi, kisha kuchukua wastani. Hewa pia: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo gari lile lile litakuwa na majibu mawili katika miji miwili.

Ndugu msomaji, namba iliyo juu ya video huaminiwa kuliko maneno ya mdomo, na kuna atakayenunua gari kwa kuiamini. Mwishoni mwa kila video andika mistari minne: saa ilianza kwa kasi gani, kifaa husoma mara ngapi kwa sekunde, ulipima pande mbili au moja, na ndani mlikuwa watu wangapi. Na upime kwenye uwanja uliofungwa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Barabara ya umma ina mtoto anayevuka, na hakuna sekunde inayolingana na uhai wake.